Kufunga sabufa ya inchi 12 kwenye buti ya gari: mwongozo kamili, kuanzia betri hadi boksi

Mwongozo huu unafuata mfumo mmoja hadi mwisho: sabufa moja ya inchi 12, amplifaya moja ya mono (yenye chaneli moja) na boksi la kutengeneza mwenyewe, ndani ya buti ya saluni kama Toyota Premio, Allion au Corolla. Haya ni magari yaliyojaa Dar es Salaam, Nairobi na Mombasa, na vipimo vyake vya buti havitofautiani sana. Ukiwa na Fielder, Probox au Vitz, karibu kila kitu kinabaki kilekile, ila buti yako iko wazi kwa ndani na besi inakufikia bila kupita nyuma ya kiti.

Wengi huanza kwa kuuliza sabufa ya kampuni gani ni kali. Swali hilo lisubiri. Sabufa ya bei ya kati, ikiwa kwenye boksi lenye ujazo sahihi na ikipata umeme wa kutosha, itapiga vizuri kuliko sabufa ya bei kubwa iliyotupwa kwenye boksi la kuokoteza na kuvutiwa waya mwembamba. Basi ukipanga pesa, tenga kwanza ya waya na fyuzi, halafu ya mbao, na inayobaki ndiyo ya sabufa na amplifaya.

Wati za katoni na wati za kweli

Katoni ya amplifaya inaweza kuandikwa 3000W kwa maandishi makubwa. Ipuuze. Tafuta namba iliyo karibu na herufi RMS, yaani nguvu inayotolewa mfululizo, tena iliyotajwa pamoja na omu, kipimo cha ukinzani, kwa mfano "500W RMS, 2 ohm". Kama haipo, geuza amplifaya uangalie fyuzi zake. Zidisha ampea za fyuzi kwa volti 13.8, kisha zidisha kwa 0.8 ikiwa ni klasi D, au kwa 0.6 ikiwa ni klasi AB (klasi ni aina ya saketi ya amplifaya). Amplifaya ya "3000W" yenye fyuzi moja ya ampea 30 itatoa takribani wati 330 kama ni klasi D, au 250 kama ni AB. Hesabu hii ni ya kukadiria, lakini hukaa karibu na ukweli, kwa sababu hakuna mashine inayotoa nguvu kuliko iliyoingia.

Mfumo wetu unatumia sabufa ya wati 400 RMS yenye koili mbili (misokoto ya waya inayosukuma koni) za omu 4 kila moja, na amplifaya ya klasi D inayotoa wati 500 RMS kwenye omu 2. Amplifaya kuizidi sabufa kidogo si kosa. Amplifaya dogo lililolazimishwa kupiga kuliko uwezo wake hukata vichwa vya mawimbi ya sauti, sauti inakwaruza, na koili inapata joto kali. Sabufa nyingi huunguzwa na mkwaruzo huo pamoja na geini, kidhibiti cha ishara kwenye amplifaya, iliyofunguliwa hovyo.

Koili mbili za omu 4 zikiungwa sambamba, yaani chanya na chanya pamoja, hasi na hasi pamoja, unapata omu 2. Zikiungwa mfululizo, hasi ya koili ya kwanza ikienda chanya ya koili ya pili, unapata omu 8, na amplifaya itatoa sehemu ndogo tu ya nguvu yake. Kuwa makini dukani: sabufa ileile mara nyingi huuzwa pia kwa koili za omu 2 na 2. Hizo ukiziunga sambamba unapata omu 1, na amplifaya isiyotengenezwa kwa omu 1 itachemka na kujizima. Pima kwa mita kabla hujalipa. Koili ya omu 4 husoma kama 3.2 hadi 3.8, na hilo ni sawa.

Gari lina umeme wa kutosha?

Amplifaya hii ikitoa wati 500 zote inavuta karibu ampea 45. Alteneta ya gari dogo la Toyota mara nyingi ni ya ampea 70 hadi 100 injini ikizunguka vizuri, na taa, feni, AC na pampu ya mafuta navyo vinakula humohumo. Muziki hauvuti ampea 45 mfululizo. Huvuta kwa vipigo, na wastani wake ni kama theluthi au chini ya hapo. Kwa hiyo kwa kiwango hiki huhitaji betri ya pili wala kapasita kubwa ya kuwekwa kwenye buti. Kapasita haizalishi umeme, na haitaokoa gari lenye betri iliyochoka.

Betri ndiyo ya kukagua. Gari likiwa limezimwa tangu usiku, mita isome volti 12.5 au zaidi kwenye temino. Likiwashwa, isome kati ya 13.8 na 14.5. Ukipata 12.1 asubuhi, badilisha betri kabla ya kununua sabufa. Kama gari linatumia betri ya saizi ya NS60 na kitako kina nafasi ya betri kubwa zaidi yenye temino za upande uleule, ongezeko hilo lina faida kuliko kapasita yoyote.

Magari yenye betri ndani ya buti, kama BMW na Prius nyingi, yanakupunguzia safari ya waya. Kwenye Prius na haibridi nyingine usiguse waya wowote wenye ganda la rangi ya chungwa. Huo ni umeme wa volti mamia, unaua. Amplifaya huungwa kwenye betri ndogo ya volti 12 peke yake.

Vya kununua

- Waya mwekundu wa umeme mkuu, milimita za mraba 25, mita 6. Na mweusi wa unene uleule, mita 1
- Kishikio cha fyuzi bapa na fyuzi ya ampea 60, pamoja na fyuzi ya akiba
- Waya wa spika wa shaba, milimita za mraba 4, mita 2
- Waya wa RCA (unaopeleka sauti ya redio kwenye amplifaya) wa mita 5 na waya mwembamba wa rimoti (unaoamuru amplifaya kuwaka), milimita ya mraba 1, mita 6
- Lagi za shaba (vichwa vya kubana kwenye ncha za waya) za waya wa 25, angalau nne
- MDF (ubao wa unga wa mbao uliogandamizwa) au plaiwudi ngumu ya milimita 18, nusu ya shiti ya futi 8 kwa 4
- Gundi ya mbao, skrubu za milimita 50, kapeti, kizibo cha temino za boksi
- Bolti nane za M5 na nati zake zenye kucha

Kuhusu waya tusimame kidogo, maana hapa ndipo watu wanapopigwa. Pakiti nyingi za "waya wa amplifaya" huwa na ganda nene la plastiki na nyuzi chache ndani, tena nyuzi hizo ni alumini iliyopakwa shaba. Kwangua uzi mmoja kwa kisu: ukiona weupe ndani, ni alumini. Si kwamba haufai kabisa, ila unapitisha umeme kwa kiasi cha asilimia 60 au zaidi kidogo ya shaba, hivyo lazima uongeze unene. Kwa mita 5 na ampea 45, shaba halisi ya milimita 25 inapoteza kama volti 0.16 njiani, ambayo si kitu. Waya wa alumini iliyopakwa shaba wenye milimita 10 tu za kweli unapoteza zaidi ya volti 0.6, na huo upande mmoja tu. Amplifaya itanyimwa umeme kila besi inapogonga, na waya utapata joto chini ya kapeti. Dukani usihukumu unene kwa nje. Omba ukate ncha uone nyuzi.

Boksi

Kuna boksi lililofungwa kabisa na boksi lenye bomba la hewa. Lenye bomba hupiga kwa kelele zaidi, lakini ujazo na urefu wa bomba lazima vilingane na vipimo vya sabufa yenyewe. Ukikosea, koni hucheza bila breki kwenye besi nzito kuliko ile ambayo bomba limepangiwa, na sabufa huraruka hata kabla ya kufika wati zake. Lililofungwa linasamehe makosa, ni dogo, na besi yake ni kavu na safi. Kwa anayejenga mara ya kwanza tunasema bila kusita: funga.

Sabufa nyingi za inchi 12 hupenda lita 28 hadi 35 kwenye boksi lililofungwa. Karatasi iliyokuja na sabufa ndiyo yenye neno la mwisho, isome. Vipande vya boksi letu ni hivi: vitatu vya sentimita 45 kwa 38 (viwili vya mbele vinavyobandikwa pamoja, kimoja cha nyuma), viwili vya 45 kwa 25.6 (juu na chini). Viwili vya 34.4 kwa 25.6 (pembeni). Nje linatoka upana 45, urefu 38, kina 31. Ndani ni lita 36.5, ukitoa mwili wa sabufa, ambao hula lita mbili hadi tatu, unabaki na kama lita 34. Sabufa yako ikitaka ujazo mwingine, badilisha kile kipimo cha 25.6 peke yake: kila sentimita moja ya kina inaongeza au kupunguza lita 1.4. Hakikisha tu kwamba sumaku haigusi ukuta wa nyuma, iache angalau sentimita 5 za kupumua.

Mpelekee seremala mwenye meza ya msumeno akukatie. Msumeno wa mkono hautoi kingo zilizonyooka, na kingo zisizonyooka ndizo nyufa za hewa za kesho. Chipubodi laini ya makabati usiikubali: inavunjika kwenye skrubu na inanyonya maji. MDF nayo ikilowa inavimba, na buti za magari yaliyotumika mara nyingi zina raba za mlango zilizochoka. Ukiishi Tanga, Mombasa au Zanzibar, paka rangi ya mafuta upande wa chini na kingo zote kabla ya kapeti, au tumia plaiwudi ya milimita 18 yenye tabaka zilizobana.

Tundu la sabufa likatwe kwenye kila kipande cha mbele peke yake kabla ya kuvibandika. Ubao wa milimita 36 hupindisha jino la msumeno wa umeme, na tundu linatoka pana juu, jembamba chini. Pima kipenyo nyuma ya mdomo wa sabufa. Kwa inchi 12 huwa karibu na sentimita 28, lakini pima ya kwako. Chora duara kwa msumari, uzi na penseli, toboa kwa drili ndani ya mstari, kisha zungusha msumeno taratibu.

Kinachoshika boksi ni gundi. Skrubu kazi yake ni kubana mpaka gundi ikauke. Paka gundi ukingo mzima bila kuruka mahali. Toboa kwanza tundu dogo la milimita 3 kwa kila skrubu, vinginevyo MDF inapasuka. Acha sentimita 10 hadi 12 kati ya skrubu na skrubu, na usikaribie kona kuliko sentimita 4. Anza na chini na pembeni, kisha nyuma, kisha juu, na mbele mwisho. Ndani, pitisha mstari wa gundi kwenye kila kiungo na uusambaze kwa kidole. Acha saa 24. Ukitumia silikoni kuziba, chagua isiyonuka siki, kwa sababu ile inayonuka inatoa mvuke wa asidi unaodhuru gundi ya sabufa na kula shaba. Iache ikauke kabisa kabla ya kufunga sabufa.

Kizibo cha temino za nyuma ndicho huvuja kuliko kitu chochote kingine. Kiwekee raba au silikoni pande zote. Sabufa ifungwe kwa bolti na nati zenye kucha zinazogongwa kutoka ndani, maana skrubu za mbao kwenye MDF huchimba tundu zikifunguliwa mara mbili tatu. Ukitaka besi iwe laini kidogo, weka ndani gramu 300 hadi 500 za pamba ya polista ya kujazia mito, mbali na tundu la hewa la nyuma ya sumaku.

Jaribio la kuvuja: sukuma koni kwa vidole vyote, kwa usawa na upole. Ikirudi polepole, boksi limeziba. Ikiruka kurudi papo hapo, kuna upenyo, utafute sasa.

Kuvuta waya

Toa temino hasi ya betri kwanza. Kuanzia hapa hakuna umeme hadi tutakaposema.

Tafuta raba ya tundu kwenye ukuta kati ya injini na dashibodi, mahali kifurushi cha nyaya za kiwandani kinapopita. Chomeka waya wa chuma ulionyooka, kama ule wa hanga, toa upande wa pili, funga waya mwekundu kwa tepu na uvute. Ukilazimika kutoboa bati, weka raba mpya kwenye tundu. Bati tupu hukata ganda la waya kwa mtikisiko wa barabara, na waya huo haukatiki taratibu, unawaka.

Ndani ya gari, ng'oa plastiki za vizingiti vya milango kwa kuzivuta juu kwa mkono, zimeshikwa na vibano tu. Waya wa umeme upite upande ilipo betri. RCA na waya wa rimoti vipite upande mwingine. Zikilazimika kukutana, zikatishe kama msalaba, zisilale sambamba. Usipitishe kitu chochote juu ya reli za kiti, na chini ya kiti cha nyuma jihadhari: tanki la mafuta la magari mengi haya liko hapo, kwa hiyo hakuna kutoboa.

Kishikio cha fyuzi kiwe ndani ya sentimita 45 kutoka betri. Fyuzi hii inalinda waya, na amplifaya ina fyuzi zake. Kipande kati ya betri na fyuzi hakina ulinzi wowote, ndiyo maana kinatakiwa kiwe kifupi. Usiweke fyuzi bado.

Lagi zibanwe kwa koleo lake, zisigongwe kwa nyundo. Ukivuta kwa nguvu zote, waya usitoke. Funika kwa mpira wa kusinyaa kwa joto.

Waya mweusi sasa. Asilimia kubwa ya mifumo inayosumbua inasumbua hapa. Usizidi sentimita 50. Chagua bati nene la bodi lenyewe, si kipande kilichounganishwa kwa bolti, na usitumie bolti ya mkanda wa usalama. Kwangua rangi hadi chuma king'ae, upana wa lagi na zaidi kidogo. Ukitoboa tundu jipya, kwanza chungulia chini ya gari uone tanki, bomba la breki na bomba la moshi viko wapi. Funga kwa bolti ya M8 na washa ya meno, kaza sana, kisha paka grisi juu ili kutu isianze. Hali ya hewa ya pwani inakula chuma kilichokwanguliwa ndani ya wiki chache.

Redio

Magari mengi kutoka Japani huja na redio ya kwao inayokamata masafa ya FM yanayoanzia 76 na kuishia 90 au 95 MHz, kwa hiyo wengi hubadilisha redio mara tu gari linapofika. Redio hizo mpya, hasa zenye skrini, zina RCA nyuma yake. Kama ipo iliyoandikwa SUB, tumia hiyo. Waya wa rimoti ni wa buluu wenye mstari mweupe. Buluu tupu ni wa antena, na kwenye baadhi ya redio huzima ukicheza kitu kisicho FM. Amplifaya ikizima kila ukiweka muziki wa simu, hiyo ndiyo sababu. Njano ni umeme wa kudumu, nyekundu ni wa swichi, nyeusi ni hasi.

Usichomeke wala kuchomoa RCA redio ikiwa na moto. Baadhi ya redio zina fyuzi ndogo sana ndani kwenye ganda la RCA, ikiungua utapata mluzi usioisha.

Ukibaki na redio ya kiwandani, tumia amplifaya yenye kuingiza sauti ya spika moja kwa moja, au konveta ndogo inayoshusha sauti ya spika kuwa ya RCA. Chukua ishara kwenye spika za nyuma, kushoto na kulia, na angalia chanya na hasi zisibadilishane.

Kuweka boksi na amplifaya

Boksi na sabufa vinakaribia kilo 20. Breki ya ghafla kwenye mwendo wa 80 inalirusha boksi hilo kwenye kiti cha nyuma, na viti vinavyokunjwa havikutengenezwa kuzuia kitu cha namna hiyo. Lifunge. Njia nzuri ni mikanda miwili ya kufungia mizigo yenye kikaza, ikishika ndoano za sakafu ya buti, kwa sababu inafunguka haraka. Spea iko chini ya boksi, na pancha haichagui saa. Acha waya wa spika wenye urefu wa ziada wa nusu mita ili uweze kusogeza boksi bila kufungua skrubu yoyote. Jeki, pembetatu na kizimamoto vihamie mahali mkono unapofika.

Kwenye saluni, elekeza sabufa nyuma, kuelekea mlango wa buti. Jaribu pia ikielekea kiti, magari hayafanani. Amplifaya usiifunge juu ya boksi, mtikisiko unalegeza viungo vyake vya ndani. Ifunge kwenye ubao pembeni au nyuma ya kiti, ikiwa na sentimita 5 za hewa kila upande. Gari likisimama juani Dodoma au Kinshasa, buti tayari ni tanuri kabla hujawasha muziki, na amplifaya iliyozikwa chini ya kapeti itajizima baada ya nyimbo chache.

Kuwasha na kupanga sauti

Kabla ya fyuzi, pima omu kwa mita kati ya waya mweusi kwenye amplifaya na bodi ya gari, temino hasi ya betri ikiwa bado imetolewa: weka ncha moja kwenye bodi tupu na nyingine kwenye temino ya amplifaya, isome karibu na sifuri. Hakikisha waya mwekundu haugusani na bodi. Rudisha temino ya betri, kisha weka fyuzi. Cheche ndogo moja ni kawaida, ni kapasita za ndani zinajaa. Fyuzi ikikatika papo hapo, usiweke kubwa zaidi. Kuna mahali waya umechubuka.

Geini si kitufe cha sauti. Kazi yake ni kulinganisha nguvu ya ishara ya redio na amplifaya, na hupangwa kwa mita. Toa nyaya za sabufa kwenye amplifaya. Zima bass boost, ekwalaiza yote iwe sifuri, geini iwe chini kabisa. Washa injini. Cheza mlio wa majaribio wa 50 Hz, ambao unapatikana bure kwenye programu za simu, na pandisha redio hadi robo tatu ya mwisho wake. Weka mita kwenye volti za AC kwenye temino za spika. Lengo linatokana na mzizi wa mraba wa wati mara omu: wati 400 mara omu 2 ni 800, mzizi wake ni 28.3. Fungua geini taratibu hadi mita isome 28, simama hapo, chora alama kwa kalamu. Kuanzia leo, redio haipandi kupita robo tatu. Zima, rudisha sabufa.

Kichujio cha chini (LPF), kinachopitisha besi tu, kiweke 80 Hz. Kama redio ina kichujio cha spika za milango, nazo zikate chini ya 80 au 100 Hz. Zitaacha kukwaruza kwa sababu mzigo wa besi umehama. Kitufe cha fezi (phase), kinachogeuza mwelekeo wa koni, kijaribu kwenye 0 na 180 ukiwa umekaa kiti cha dereva, sikiliza gitaa la besi la wimbo wa rumba au taarabu unaoujua vizuri, chagua penye uzito zaidi. Bass boost iache sifuri. Kuiongeza desibeli 6 ni kudai nguvu mara nne, ambazo amplifaya haina.

Baada ya hapo utasikia bati likilia: pleti ya namba, mfuniko wa buti, plastiki ya chini ya kioo cha nyuma. Bandika shiti za butili zenye karatasi ya alumini katikati ya kila bati kubwa. Robo ya eneo inatosha kuua mlio. Shiti za lami za paa ni rahisi kwa bei lakini juani zinayeyuka, zinanuka na zinadondoka. Pleti ya namba inahitaji vipande vya sponji tu nyuma yake.

Ikisumbua

Mluzi unaopanda na kushuka na injini: chomoa RCA kwenye amplifaya, redio ikiwa imezimwa, kisha washa. Mluzi ukibaki, tatizo ni waya mweusi wa amplifaya. Ukiisha, kwangua upya hasi ya redio kwanza, halafu angalia kama RCA imelala kando ya umeme mkuu.

Amplifaya inajizima sauti ikipanda: pima volti kwenye temino zake besi ikigonga, na wakati huohuo kwenye betri. Tofauti ikizidi 0.5, ni waya, lagi au fyuzi iliyolegea. Zikiwa sawa lakini zote zinashuka chini ya 12 injini ikiwaka, ni alteneta au mkanda wake. Volti zikiwa nzuri, pima omu za sabufa. Chini ya 1.5 kwa muunganisho wetu inamaanisha koili imeanza kuungua, na ukiinusa kwa karibu utasikia harufu yake.

Besi nyembamba isiyo na uzito: chanya na hasi ya koili moja imegeuzwa, koili mbili zinapingana. Zima mara moja, zikipigwa hivyo kwa muda zinaungua zote mbili.

Betri inakufa usiku: weka mita kwenye ampea za DC katikati ya temino hasi na waya wake, gari likiwa limefungwa kwa nusu saa. Zaidi ya milliampea 50 ni nyingi. Toa fyuzi ya amplifaya. Namba ikishuka ghafla, waya wa rimoti umeungwa mahali penye umeme wa kudumu, uhamishie kwenye buluu yenye mstari mweupe.

Kwenye barabara za vumbi na matuta, kaza upya bolti za temino, hasi na sabufa baada ya wiki mbili za kwanza, kisha kila unapopeleka gari kubadilisha oili.